Tramu Tuliyoichekea

KUNDI LA KUSAIDIANA LA WASWAHILI WA RUMANA, DUBAI

Kumbukumbu za kikao cha dharura kilichofanyika Jumapili, tarehe 6 Julai 2025, katika chumba cha kulia cha makazi ya wafanyakazi, mtaa wa Rumana. Kikao kiliitishwa saa tisa alasiri, kikaanza saa kumi. Katibu hana la kuongeza hapo.

WALIOHUDHURIA
Bw. Jotham, Mwenyekiti (msimamizi wa walinzi, Rumana)
Bi. Jecinta, Katibu na mwandishi wa kumbukumbu hizi (mapokezi, ofisi moja ya Jumeirah Lake Towers)
Bi Ummi, Mshauri (mwenye duka la vitambaa, Bur Dubai)
Bw. Badawi, mjumbe (dereva wa tramu ya mtaa)
Bi. Everlyn, mjumbe (mlinzi wa ghala, Jebel Ali)
Bw. Nick, mjumbe (mpika kahawa)
Na wajumbe wengine, viti vikajaa.

MGENI MWALIKWA
Bw. Waleed, ofisa wa usafiri wa mtaa

WASIOHUDHURIA
Bi. Mercyline, kwa udhuru, yuko zamu.
Bw. Boaz, bila udhuru. Alionekana dirishani akipita na ndoo ya nguo.

KUMB. NA. 1/7/2025: KUFUNGUA KIKAO

Baada ya sala ya Bi. Everlyn na dua ya Bw. Badawi, Mwenyekiti aliwakaribisha wajumbe. Alikumbusha kwamba hili ni kundi la kusaidiana, si chama, maana chama huku hutaka kibali, na akawasihi wanaosema "chama, chama" kwenye simu waache mara moja. Alieleza kwamba kikao kiliitishwa haraka kwa kuwa Bw. Waleed alipiga simu kusema ana habari njema ya tramu. Hakuna aliyejua ni habari gani. Katibu anaomba isomeke hivyo hivyo na watakaokuja baadaye: hakuna aliyejua.

KUMB. NA. 2/7/2025: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZILIZOPITA

Bw. Nick alipinga kuandikwa "mchelewaji" katika kumbukumbu za Mei. Alisema siku ile alipanda tramu, na mtu aliyepanda tramu hajachelewa, amecheleweshwa. Wajumbe walicheka, Bw. Badawi naye akacheka. Katibu alikataa kulifuta neno hilo. Mwenyekiti aliamua libaki, ila liongezewe "siku hiyo."

Azimio la Januari lilisomwa upya na kuthibitishwa. Kwa faida ya msomaji asiyekuwepo, Katibu anafafanua. Kwenye kituo chetu cha metro, pale basi la wafanyakazi na tramu vinapoishia, kuna mashine yenye sura tatu: ya kijani inacheka, ya njano imetulia, nyekundu imenuna. Abiria akishuka kwenye tramu hubonyeza sura inayofanana na safari yake. Januari tulisikia mkataba wa Bw. Badawi unakaribia kwisha. Mwenyekiti akapendekeza kila mjumbe apitapo pale, awe ametoka kwenye tramu, basi au kwa miguu, abonyeze ya kijani, kwani mwenzako humharibii kazi. Azimio lilipita bila kupingwa. Tangu hapo imekuwa desturi yetu, na asubuhi watu huulizana, "Umeshambonyezea Badawi?"

KUMB. NA. 3/7/2025: TAARIFA YA MGENI

Bw. Waleed aliingia akiwa amebeba keki. Juu yake palikuwa na tramu ya sukari, nyekundu, na dereva mdogo wa sukari amekaa mbele. Alizungumza kwa Kiarabu, Bi Ummi akafasiri.

Alieleza kwamba tramu yetu, iliyonunuliwa kutoka mji mmoja wa Ulaya uliokwisha kuistaafisha, ililetwa Rumana iwe pambo la wageni. Lakini mwaka huu bodi ya mtaa imeshangazwa. Katika vituo vyote vya mtaa hakuna mashine iliyowahi kucheka kama ile ya tramu, tena alfajiri, saa ya wafanyakazi. Bodi imeona kwamba mfanyakazi wa leo anapenda kwenda kazini polepole, madirisha wazi, akipata upepo.

Bw. Nick aliuliza ni upepo gani huo, wa Julai? Mwenyekiti alimwomba anyamaze mbele ya mgeni.

Bw. Waleed aliendelea kwamba, kwa sababu hiyo, mkataba wa Bw. Badawi umeongezwa miaka miwili. Bi Ummi alipiga kigelegele kabla hata ya kumaliza kufasiri. Watu walisimama. Bw. Badawi alikumbatiwa, akapigwa mgongo, ila Katibu aliona hakusimama.

Kisha Bw. Waleed akasema jambo lingine, huku akitabasamu, na Bi Ummi hakulifasiri. Alimwomba alirudie. Akalirudia. Bi Ummi alishika kifua, akasema, "Ya Rabbi! Jamani, anasema kuanzia tarehe mosi Agosti basi la wafanyakazi linaondolewa. Khalas. Watu wote watakwenda metro kwa tramu, kwa vile ndiyo wanayoipenda."

Mwenyekiti alibaki ameinua mikono aliyokuwa akipigia makofi.

KUMB. NA. 4/7/2025: MASWALI KWA MGENI

Mwenyekiti aliuliza kwa heshima kama bodi ilipata kuhesabu watu waliomo ndani ya tramu alfajiri. Bw. Waleed alijibu kwamba siku hizi hawahesabu abiria, wanahesabu furaha.

Katibu aliuliza kama kundi linaweza kuandika barua. Bw. Waleed alijibu kwa upole kwamba barua zitapokelewa, ila bodi haisomi barua, inasoma sura. Sura za mwezi huu ndizo zitakazoamua. Zikibaki kijani, basi linaondoka. Zikigeuka nyekundu, tramu itarudi kuwa ya wageni wa jioni peke yao, na hapo anatosha dereva mmoja, yule mwenzake Badawi aliyeanza kazi kabla yake. Alisema hilo kama jambo lisiloweza kutokea, akacheka.

Kabla ya kuondoka alitaja pia kwamba kila alfajiri mashine hupata sura nyekundu moja, moja tu, basi. Alisema angependa kumjua mtu huyo amsaidie, kwani inaonekana ana huzuni zake. Aliagana na wajumbe, akaiacha keki.

KUMB. NA. 5/7/2025: JE, TRAMU YA KIZAMANI INAMFAA MTU ANAYEWAHI KAZI?

Mwenyekiti alitaka mjadala wa utulivu. Haukuwa wa utulivu.

Yeye mwenyewe alieleza kwamba tramu ni heshima ya mtaa. Mji wa vioo vitupu hauna kumbukumbu, na mtu akikaa kwenye kiti cha mbao kilichokaliwa na babu za watu hujisikia ana adabu. Bw. Nick alimuuliza mara ya mwisho kuipanda ni lini. Mwenyekiti alijibu kwamba swali hilo halimo kwenye ajenda. Alipobanwa na wajumbe watatu kwa pamoja alikiri kwamba yeye hupewa lifti na jirani yake, na kwamba hajawahi kuipanda. Hajawahi! Mtu aliyelitoa azimio kwa mdomo wake! Katibu alimwomba arudie ili aandike vizuri, naye akarudia kwa sauti ndogo.

Bi Ummi alisema yeye anaipenda kwa macho. Kuipanda hawezi, kidato chake cha kupandia kiko juu, na mara ya mwisho alisukumwa na vijana wawili kama gunia la mchele, watalii wakimpiga picha. "Mwanangu, hicho ni chombo cha kutazamwa," alisema. "Hata birika la fedha la harusi lina uzuri wake, lakini chai ya kila siku huipiki humo."

Bw. Nick alisema, "Wasee, hii ni noma." Alieleza kwamba tramu haina kiyoyozi, vyuma vyake Julai vinachoma mkono, na siku aliyoipanda alifika kazini amelowa hadi sir, bosi wake, akamuuliza kama ametoka kuogelea na nguo. Zaidi ya hayo, kwa kanuni ya mtaa, mgeni mwenye kamera akiinua mkono, tramu lazima isimame. Siku hiyo ilimsimamia bibi harusi na gauni lake, na gauni lilichukua muda kuingia na muda kutoka.

Katibu alipendekeza wajumbe waliowahi kuipanda kwenda kazini mwaka huu wainue mikono. Iliinuka mikono miwili, wa Bw. Nick na wa Bi. Everlyn. Wajumbe walitazamana. Baba wee! Watu wote wale, vidole vyote vile vya kijani tangu Januari, na mikono miwili! Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Bi Ummi alisema kwa uchungu kwamba ukicheka na nyani utavuna mabua, na sisi tumecheka hadi shamba limekwisha.

Bw. Badawi aliombwa radhi kwa kusikia hayo. Alijibu kwamba hakuna jipya aliloambiwa. Alfajiri zote hizo yeye ndiye aliyekuwa akiendesha viti vitupu.

KUMB. NA. 6/7/2025: HALI YA BI. EVERLYN

Bi. Everlyn hakutaka kusema. Mwenyekiti alimwambia kikao ni cha ndugu.

Alieleza kwamba ghala lake Jebel Ali halina mchezo na saa. Mlinzi akichelewa, mwenzake wa usiku hawezi kuondoka. Aprili basi liliharibika wiki nzima, wenzake wakachangia teksi, yeye hakuwa na nauli, ndipo alipopanda tramu. Alichelewa, akapewa onyo. Akaondoka makazini mapema zaidi, tramu ikasimamishwa njiani na wapiga picha, akachelewa tena, akapewa onyo la pili. Madam wa ofisini amemweleza wazi kwamba la tatu ni kufutiwa viza na kupewa tikiti ya ndege. Nyumbani mama yake mgonjwa na mtoto wake wanamtazama yeye tu.

"Basi likiondoka, mimi nimerudi Kericho," alisema. "Sina njia ingine."

Mjumbe mmoja alimuuliza, je, siku zile za maonyo aliposhuka kwenye tramu alibonyeza sura gani? Bi. Everlyn alishangazwa na swali. Alijibu, "Kijani. Si ndiyo tulikubaliana?"

Katibu aliomba kikao kisimame kidogo. Kikasimama kidogo.

KUMB. NA. 7/7/2025: NANI ALIYEKUWA AKINUNA?

Kikao kiliporejea, badala ya kutafuta dawa, watu walitafuta mchawi. Mjumbe mmoja alikumbusha habari ya sura nyekundu ya kila alfajiri. Alisema kikulacho ki nguoni mwako, kwamba wakati wenzake wote wanamwombea Badawi mkate, kuna mmoja aliyekuwa akimchimba. Macho yote yalimgeukia Bw. Nick.

Bw. Nick alisimama na kusema, "Zii! Sio mimi, haki ya Mungu." Mwenyekiti alimtaka aseme kweli, kwani ndiye anayeisema vibaya tramu kila kikao. Sauti zilipanda. Maneno fulani yalisemwa kuhusu watu wanaopewa lifti, na mengine kuhusu watu wa kahawa, na Katibu hatayaandika, ingawa anayakumbuka.

Ndipo Bw. Badawi alipogonga meza kwa kiganja na kusema, "Mwacheni kijana. Ni mimi."

Wajumbe hawakuelewa. Mwenyekiti alimuuliza, wewe ni nini? Bw. Badawi akajibu, "Mimi ndiye ninunaye. Kila alfajiri, nikifikisha gari, mimi ndiye nibonyezaye nyekundu."

Katibu ameandika kumbukumbu za kundi hili tangu lianze na hajapata kuona midomo mingi namna ile imeachwa wazi kwa pamoja. Dereva anajinunia mwenyewe! Sisi tunamjengea, yeye anabomoa! Bi Ummi alimuuliza kama ana homa.

Kwa ombi lake, maneno yake yanaandikwa kama alivyoyasema:

"Sina homa, Bi Ummi. Ile wiki ya Aprili, dada Everlyn alikuwa amekaa nyuma yangu. Nilikuwa namwona kwenye kioo. Watalii wameinua mikono, nami sina ruhusa ya kupita. Yeye anatazama saa, anatazama njia, hasemi neno. Tukifika treni imeshaondoka, twaiona mkia. Akashuka. Nikasema leo atanitukana, na haki yake. Akaenda kwenye mashine akabonyeza kijani, akageuka akaniambia, 'Asante kaka Badawi, ubarikiwe.' Wallahi nilitamani reli zinifunike. Kesho yake vile vile. Kuanzia hapo nikawa nambonyezea yeye ile nyekundu aliyostahili kuibonyeza. Sikujua mwingine wa kuiambia kweli mashine ile. Ninyi nyote mlikuwa mwanipenda."

Bw. Nick aliombwa radhi na Mwenyekiti, kwa ufupi. Bw. Nick aliomba radhi hiyo iandikwe. Imeandikwa.

KUMB. NA. 8/7/2025: AZIMIO

Mwenyekiti alisema jambo liko wazi na ni gumu. Vidole vikibaki kijani, Bi. Everlyn anarudishwa nyumbani. Vidole vikigeuka nyekundu, Bw. Badawi hana kazi, na asiye na kazi hapa hana viza.

Bi. Everlyn alisema yeye hatabonyeza. Alisema hawezi kumfukuzisha ndugu yake kwa kidole chake, afadhali aende yeye, Mungu ni yule yule Kericho na Dubai.

Bw. Badawi alimjibu kwamba anaipenda ile tramu kuliko yeyote humu, shaba zake anazisugua kwa mkono wake. "Lakini dada yangu, wenyewe waliistaafisha. Ilikuja huku kupigwa picha, nami nilikuja nayo. Gari la mtu anayewahi halimsimamii bibi harusi." Aliongeza kwamba yeye ana leseni ya basi, na kama basi litabaki, basi nalo lahitaji dereva. Akipata, alhamdulillahi. Asipopata, kwao Lamu hawajamsahau.

Bi Ummi aliahidi kumsemea kwa watu wake wa Bur Dubai. Mwenyekiti aliahidi kumwona Bw. Waleed kuhusu basi. Hakuna aliyeahidi kwamba itawezekana, na Katibu hataandika kana kwamba waliahidi.

Iliazimiwa kwamba azimio la Januari lifutwe, na kuanzia leo kila mjumbe apande kile anachobonyezea, na abonyeze kweli. Waliokubali waliinua mikono wakitazama chini. Mkono wa Bi. Everlyn haukuinuka.

KUMB. NA. 9/7/2025: MENGINEYO

Keki. Hakuna aliyetaka kuikata. Bi Ummi aliikata, akampa Bw. Badawi kipande chenye dereva wa sukari. Bw. Badawi alimfunga dereva huyo kwenye karatasi na kumtia mfukoni. Bw. Boaz aliingia wakati huu, akala vipande viwili, na anaandikwa kuwa hakuhudhuria.

KUMB. NA. 10/7/2025: UTEKELEZAJI

Mwenyekiti alikumbusha kwamba maazimio ya kundi hili hufia mlangoni, hivyo akaamua kwamba kikao hakitafungwa mpaka azimio litekelezwe. Kwa kuwa Jumapili hiyo Bw. Badawi alikuwa na zamu ya jioni, kikao kizima kilihamia kwenye tramu.

Kwa wajumbe karibu wote ilikuwa mara ya kwanza kuipanda. Bi Ummi alisukumwa na wanne. Jua lilikuwa bado kali. Mwenyekiti alijipepea kwa ajenda na kuuliza mara mbili kama chombo kimeharibika. Alijibiwa kwamba huo ndio mwendo wake. Tramu ilisimamishwa na wageni wenye kamera, na kikao kikapigwa picha. Katibu anakiri kwamba kengele yake ni nzuri, na mbao zake zinanukia vizuri, na kama mtu haendi popote hakuna safari tamu kama ile.

Kituoni wajumbe walishuka mmoja mmoja na kubonyeza nyekundu. Bw. Badawi alikaa mahali pake akitazama mbele, naye akampigia kengele kila aliyeshuka, kama kawaida yake. Bw. Nick alibonyeza haraka na kwenda kusimama mbali.

Wa mwisho alikuwa Bi. Everlyn. Alisimama mbele ya mashine, mkono ukaenda kwenye kijani kwa mazoea, akaurudisha, akaanza kulia. Kanuni zinamkataza dereva kutoka kwenye nafasi yake abiria wakingali kituoni. Bw. Badawi alitoka. Alibonyeza nyekundu yeye kwanza, akamwambia, "Mimi nishaizoea. Sasa wewe."

Bi. Everlyn akabonyeza. Kisha akamgeukia akasema, "Asante kaka Badawi, ubarikiwe."

KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti hakutoa hotuba ya kufunga, aliashiria kwa mkono kwamba tumemaliza. Kikao kilifungwa kituoni saa kumi na mbili na nusu jioni. Wajumbe walirudi makazini kwa basi.

Zimesomwa na kukubaliwa kuwa ndivyo ilivyokuwa:

………………………………
Jotham, Mwenyekiti

………………………………
Jecinta, Katibu